Kukazia neno na kupiga chuku: sana, kabisa, pepe, tititi na kobe wa Changuu

Andika "sana" mara tatu katika ujumbe wa mistari minne, kisha usome kwa sauti. Ya kwanza ina nguvu, ya pili imepoa, ya tatu sikio halishughuliki nayo. Anayeandika "giza sana" hajakosea sarufi, lakini ni kama aliyekwenda sokoni Darajani na kapu zima akarudi na fungu moja la mchicha. Giza lina totoro yake, na haiuzwi ghali zaidi.

Maelezo haya ni ya mwandishi wa kila siku: wa tangazo la duka, wa habari fupi ya mtandaoni, wa hotuba ya harusi, wa mchezo wa redio. Mifano ni ya Unguja na Pemba.

Kwanza tuyatenge majina, maana watu huyachanganya. Kukazia, kutilia mkazo na kushadidia ni kulisema jambo la kweli kwa nguvu zake zote. Kutia chumvi na kupiga chuku ni kulipitisha jambo kipimo chake. Chuku ni lile pembe la kuumikia. Ukiliona linavyoivuta ngozi ikafura, hutohitaji maelezo zaidi. Darasani chuku huitwa mubalagha. Mtu akijipigia chuku mwenyewe, hayo ni majigambo, na baraza zima hujua jina lake la pili: kujitapa. Upande wa pili wa mizani kuna kuzimua, neno lililotoka kwenye vimiminika, la kukitia kitu maji ili kipungue ukali. Tafsida ni tawi lake moja, la mambo ya aibu na misiba. Kuzimua tutakurudia, kwa sababu anayejua kuzimua ndiye anayepiga chuku ikaingia.

Sana au kabisa?

Kipimo chake ni chepesi. Chukua neno lako ulitie "kidogo". Likikubali, mahali pake ni sana. Likikataa, mahali pake ni kabisa. Chai inaweza kuwa moto kidogo, basi chai ni moto sana. Mtungi hauwi mtupu kidogo, basi ni mtupu kabisa. Sana hupanda ngazi, kabisa hufunga mlango. Ndiyo maana "amepona sana" inasikika kama mgonjwa bado amelazwa.

Yako maneno yanayokubali yote mawili, na hapo maana hugawanyika. Vitambaa viwili vilivyo "tofauti sana" bado mtu anavilinganisha. Vilivyo "tofauti kabisa" havina hata sababu ya kuwekwa pamoja.

Mno ina harufu ya kupita kiasi. Ikikaa na sifa njema, kama "mzuri mno" au "mkarimu mno", Unguja nzima itaielewa kuwa ni sifa. Ikikaa na ladha au bei huwa lawama: "mchuzi una chumvi mno", "nauli ghali mno". Ukimwambia mwenyeji "chai yako tamu mno", usishangae akainuka kwenda kuizimua kwa maziwa.

Hasa hubadilisha kazi kwa kuhama mahali. "Nataka hasa nguru" ni mtu anayetaka nguru kuliko wengine, lakini changu wakiwapo atawachukua. "Nataka nguru hasa" ni mtu anayetaka nguru wa kweli, si mwingine anayeitwa nguru. Muuza samaki anaujua mpaka huo. Mwandishi wa tangazo mara nyingi hauoni.

Na huu hapa mtego mkubwa kuliko yote: "sana sana". Wengi huirudia wakidhani wanaongeza uzito, kumbe neno limeshageuka. "Sana sana itafika elfu kumi" maana yake haitazidi hapo. Umetaka kukuza, umeweka dari. Kama sana moja haitoshi, badilisha neno, usiirudufu.

Kila neno na mwenzake

Hapa ndipo penye utajiri. Vineno kama pepe, tititi na totoro wanasarufi huviita vielezi viigizi, kwa kuwa vingi huiga sauti au sura ya tendo. Kazi yake ni kukazia neno moja au mawili tu, na havipendi kuhamahama.

Rangi tatu zina zake: nyeupe pepe, nyeusi tititi, nyekundu pyu. Kanzu ya Idi ni nyeupe pepe. Rangi nyingine hazina kielezi chake cha namna hii na hujitegemea kwa mfano wa kitu: kijani cha jani bichi, manjano ya kiini cha yai. Usiitungie kijani sauti yake, haitashika.

Mtu hulala fofofo na hunyamaza jii. Hutulia tuli, hukataa katakata, husimama kidete. Akila akatosheka, ameshiba ndi. Ndi hiyohiyo hukaza kamba na kufunga mlango, kwa hiyo chukulia kuwa ni sauti ya kitu kilichobanwa kisibakishe nafasi. Nguo hulowa chepechepe, au chapachapa, na wengine husema rovurovu. Chombo hujaa pomoni. Watu hufurika furifuri. Kitu kilichokauka hata hakina unyevu kimekauka kau, na mwenye karafuu juani atakwambia mara moja kama zake zimefika kau au bado.

Kuanguka ndiko kunakoonesha jinsi lugha ilivyo na jicho. Kinachoangukia majini kimeanguka chubwi. Matopeni, tapwi. Mchangani, tifu. Sakafuni, pa. Neno hilo moja la mwisho wa sentensi linamwambia msikilizaji kitu kimeangukia wapi bila wewe kupataja. Katika mchezo wa redio hii ni mali: andika "dafu likaanguka tifu" na msikilizaji ameshaona uwanja wa mchanga chini ya mnazi.

Kanuni za kuvitumia ni chache, ila zikivunjwa huonekana. Kielezi hukaa baada ya neno lake, si kabla. Ukishakitia, usiongeze sana: "nyeupe pepe sana" ni kanzu juu ya kanzu. Usivihamishe, "amelala tititi" itachekesha, na kama hukukusudia kuchekesha umeshaharibu. Kwenye kukanusha hupoteza nguvu, kwa hiyo badala ya "hakulala fofofo" sema "hakupata hata lepe la usingizi". Tena vipo vilivyozoea ofisi na vilivyobaki barazani. "Amekataa katakata" na "wamesimama kidete" utavisoma katika habari na hakuna atakayekunja uso. "Chubwi" na "tapwi" viache kwenye hadithi. Kwenye ripoti ya ajali vitaonekana ni mzaha juu ya mtu aliyeumia.

Tuone kwa karibu. Hii ni taarifa ya mvua za masika, zile za Machi hadi Mei, kutoka Chake Chake, Pemba, kama wengi wanavyoituma:

"Jana Chake mvua ilinyesha sana. Njia ilijaa maji sana, na sisi tulilowa sana. Usiku giza lilikuwa sana kwa sababu umeme ulikatika."

Sana nne, na picha hakuna. Jaribio la pili:

"Jana Chake mvua ilinyesha vibaya sana kupita kiasi! Njia ilijaa maji pomoni, tulilowa chepechepe chapachapa, usiku giza totoro tititi!"

Huyu amevikumbuka vielezi, akavimwaga vyote kwa mpigo. Chepechepe na chapachapa ni kazi moja kwa wafanyakazi wawili, na tititi imeibwa kwa nyeusi. Alama za mshangao nazo zinapiga kelele mahali ambapo maneno yalishasema. Jaribio la tatu:

"Jana Chake mvua si mchezo. Njia ya Machomane ilijaa maji, watoto wakavua viatu wakavibeba kichwani. Tulifika nyumbani tumelowa chepechepe. Umeme nao ukakatika, giza totoro."

Vielezi vimebaki viwili tu, kila kimoja kwenye neno lake. Katikati pamewekwa viatu vya watoto, na kwa viatu hivyo msomaji anakipima kina cha maji mwenyewe.

Kurudia neno kunakopunguza

Wageni wa lugha hufundishwa kwamba kurudia ni kukazia, na nusu yake ni kweli. Haraka haraka ina kasi kuliko haraka. "Watu na watu", "miaka na miaka", "maneno na maneno": ile na ya katikati huongeza wingi, na ni njia nzuri isiyotumika vya kutosha. "Kweli kweli" nayo hukaza.

Lakini angalia: nyeupe-nyeupe si nyeupe zaidi, ni kitu chenye weupe usiokamilika. Anayeumwaumwa hajalazwa, ni mtu wa leo kichwa, kesho mgongo. Kutembeatembea ni kutembea bila pa kwenda, na uji ulio majimaji umekosa unga. Kwa hiyo ukitaka kusema shuka imetakata, kuirudia rangi kutakuangusha na mteja atadhani imefifia. Kwa vitendo na rangi, kurudia mara nyingi huzimua. Kwa mwendo na wingi, hukazia. Ukiwa na shaka, soma sentensi kwa mtu mzima aliyekaa nawe uone anavyoielewa.

Mengine ya haraka

Ndi- hukazia kwa kuchagua: "Ndiye aliyevunja" huwatoa wengine wote. Inatosha mara moja kwa aya. Kitenzi kikitanguliwa na jina lake hukazia huku kikiacha mlango wazi: "Kuja atakuja, ila saa ngapi?" Kwa maandishi ya mzaha na malalamiko hakuna chombo kizuri kuliko hicho. Vitenzi vingine vina mkazo mwilini mwao: kutupilia mbali kuna nguvu kuliko kutupa, kushindilia kuliko kutia. Kuvuta irabu, kama "kuleee", ni mali ya mdomo. Ukiiandika, herufi tatu zinatosha.

Ukubwa wa ji- una dosari yake. Jumba na joka hutisha au hupendeza, lakini mtu akiitwa jitu ametukanwa, isipokuwa "jitu la miraba minne", nalo ni sifa ya kuogopwa. Jibwa si mbwa mkubwa tu, ni mbwa asiyependwa. Na ukishaingia huko, upatanisho uufuate: joka kubwa limepita, si "joka mkubwa amepita".

Kwa kukanusha, kamwe, katu, asilani na abadani hudai kitenzi kilichokanushwa. "Kamwe nitakukumbuka" ni ahadi iliyokatika mguu. Neno "hata" peke yake ni jibu kamili Zanzibar: "Umechoka?" "Hata!" Ng'o ina ujeuri, kwa hiyo mwambie rika lako, si mkubwa wako.

Chuku iliyo safi

Chuku njema husema jambo lisilowezekana. Hiyo ndiyo kinga yake. Ukiandika "uwanja wa Gombani ulikuwa na watu elfu ishirini" na hukuhesabu, hujapiga chuku, umesema uongo, kwa sababu msomaji anaweza kuamini. Ukiandika "Gombani hapakuwa na hata pa kuweka mguu", hakuna atakayekwenda kupima. Kosa la waandishi wengi wa matangazo ni kusimama katikati: wamekuza kidogo tu, kiasi cha kuaminika, na siku mteja anapogundua, hata yale ya kweli hayaamini tena. Kama unakuza, kuza mpaka ionekane.

Nambari zina adabu yake. Hesabu ya kweli iandike kwa tarakimu. Ya chuku iandike kwa maneno. "Nimekwambia mara mia" kila mtu anaielewa. "Nimekwambia mara 100" inataka daftari. Usizilaze pamoja katika sentensi moja: "Tumeuza pishi 40, yaani maelfu na maelfu" imeua zote mbili.

Chuku za akiba zipo nyingi na zimechoka: mbavu sina, nimekufa kwa njaa, chungu kama shubiri, sina hata thumni, wengi kama mchanga wa pwani. Katika mazungumzo hazina ubaya, zinapita kama salamu. Katika maandishi msomaji huzimaliza kabla hujazimaliza wewe. Tafuta ya kwako kutoka kitu kilicho mbele ya macho ya watu wako. Daladala inayosimama kila mti: "Kobe wa Changuu angetupita, akafika, akafuturu." Changuu ni kisiwa kidogo karibu na Unguja chenye kobe wakubwa, na huhitaji kumweleza Mzanzibari mwendo wao. Kanuni ni kuchagua kitu ambacho msomaji amekiona kwa macho, kisha kukifanyisha kisichowezekana. Simba na theluji waache. Hapa hawana shahidi.

Halafu idadi: chuku moja kwa aya, mbili kwa hotuba ya harusi, na hotuba ikizidi dakika kumi ongeza ya tatu. Zaidi ya hapo watu huanza kuhesabu sahani.

Nguvu ya kusema kidogo

Kiswahili kina namna ya kukazia kwa kupunguza, nayo ndiyo inayowashinda wengi. "Si haba" inasema tu kwamba kitu hakikuwa kichache, lakini mvuvi akiulizwa bahari imempa nini naye akajibu "si haba", nenda kanunue. "Amenichosha si kidogo" ina uzito kuliko "amenichosha sana". "Si mchezo" imeshatumika hapo juu kwenye mvua. Zote zinakanusha udogo na kumwachia msikilizaji aukisie ukubwa.

Vilevile "hajambo". Mgonjwa aliyekuwa hawezi kukaa, leo amekunywa uji, nduguye akijibu "hajambo kidogo" ametoa habari kubwa. Mwandishi asiyeijua desturi hii hutafsiri kwamba mgonjwa yuko hali ya wastani, akaiharibu habari.

Kwenye mkeka desturi hiyo huwa mchezo wa watu wawili. Sinia la pilau limeshuka, mchuzi wa papa, kachumbari, ndizi mbivu, na Bi Mkubwa anasema, "Karibuni wanangu, hamna kitu, mtaramba chumvi tu." Mgeni ana kazi moja: kukazia upande wa pili. "Hamna kitu gani, Bi Mkubwa! Mbona sinia limejaa tele?" Akinyamaza, amekubali kwamba hakuna kitu, na hilo ni tusi. Akizidisha, akasema hajapata kula hivi tangu azaliwe, atakuwa amemtukana mama yake. Tele moja inatosha, kisha mkono uende kwenye sinia. Kadhalika "karibu kibandani kwangu" huweza kuwa nyumba ya ghorofa mbili, na aliyealikwa haruhusiwi kukiita kibanda.

Katika kuandika historia, kupunguza hushinda chuku mara zote. Vita vya Zanzibar na Waingereza vya tarehe 27 Agosti 1896 mtu anaweza kuviita vifupi mno, vifupi ajabu, vifupi kupindukia. Au anaweza kuandika tu kwamba havikufika saa moja. Beit el-Ajaib nayo haikuombi sifa. Jumba la Maajabu ni chuku iliyokwisha kuwamo ndani ya jina. Andika kwamba lilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, na kwamba sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kisha weka nukta. "Jumba la Maajabu la ajabu mno" lina maajabu ya kuuzwa.

Mahali pa kuuondoa mkono

Tangazo la msiba halitiwi neno la kukazia hata moja. "Amefariki ghafla" ni taarifa. "Amefariki ghafla mno" ni karaha. Maelekezo ya dawa nayo vivyo hivyo: "maji mengi sana" haiambii mgonjwa kitu, andika glasi ngapi. Bei, saa na vipimo vyote havitiwi chumvi.

Wallahi si pambo. Ni kiapo, na wazee wengi hukasirika kuisikia juu ya bei ya tungule. Kwa mambo madogo tumia kweli, hakika, au "nakwambia". Sifa ya mtoto wa watu nayo ina sharti: useme Mashaallah kwanza, ndipo uendelee na uzuri wake. Ukimpigia chuku mtoto bila hiyo, mama yake atacheka nawe, kisha ukigeuka atamwingiza ndani.

Maandishi yako yakishakamilika, pitisha kalamu kwa mpango huu. Zungushia duara kila sana, mno, kabisa na alama ya mshangao. Kila duara lijibu: neno hili lina mwenzake wa asili? Kama anaye, mweke huyo. Kama hana, jaribu kufuta usome upya. Mara nyingi sentensi haitauliza ilikokwenda. Duara likibaki ambalo huwezi kulifuta wala kulibadilisha, liache, limepata kazi yake. Kwenye ukurasa mmoja yakibaki matatu, si haba.